Rivasi na mlio wa nyuma: maswali ya wasomaji

SWALI: Gari langu limetoka Japani likiwa na kamera inayotambua watu walio nyuma na kutoa mlio. Nyumbani natoka getini kwa rivasi, nikipanda mlima hadi barabarani. Juzi mtoto wa jirani alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na mlio haukutoka. Je, kamera ni mbovu?
Msomaji, Kibosho, Moshi

JIBU: Pole sana kwa mshtuko huo. Huenda kamera ni nzima. Inatafuta umbo la mtu aliyesimama au anayetembea, kwa hiyo aliyechuchumaa, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, au kijana aliyeinama nyuma ya mkokoteni anaweza kuikosesha. Mtoto aliye karibu kabisa na bampa ndiye wa kuogopea zaidi.

Mlima nao unachangia. Mistari ya umbali kwenye skrini imepimwa kwa ardhi tambarare. Nyuma kukiwa na mwinuko, mtu huonekana yuko mbali kuliko alivyo. Magunia yakijaa kwenye buti, nyuma ikalala, mistari inapotosha pia.

Kabla hujaingia garini, zunguka nyuma kwa miguu uchungulie chini ya bampa. Mtu mzima awashike watoto mkono, mahali unapowaona. Zima redio, shusha vioo, kanyaga mafuta kidogo kidogo gari lisiruke. Kwa kilomita 5 kwa saa, gari huenda mita 1.4 kila sekunde. Kwa 10, mita 2.8, na sekunde nzima inaweza kupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Mlio ukitoka, simama kabisa kwanza, ndipo utafute umelilia nini.

Angalia pia dashibodi: ukiona taa ya njano yenye neno OFF, huenda aliyelimiliki kabla yako aliuzima mfumo. Menyu ikiwa ya Kijapani, mpelekee fundi wa umeme wa magari.

SWALI: Mvua zikianza, sensa za bampa hulia hata nyuma kukiwa kweupe.
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Ni tope. Sensa hizo hutoa mawimbi ya sauti na kusubiri mwangwi. Tope likiganda juu yake, zinasoma tope. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa laini. Usikwangue kwa kisu, wala usimruhusu muosha magari aielekeze mashine ya presha kwenye sensa kwa karibu. Bampa likipigwa rangi upya, mwambie fundi asizirundikie sensa rangi nzito, maana zitaziba hata kiangazi.