Maswali ya Wasomaji: Jeki Ndefu Ifungwe Wapi kwenye Gari la Porini?

Swali: Msomaji, Karatu

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii, naendesha Land Cruiser ile ya bodi iliyorefushwa, paa la kufunguka, tairi mbili za spea kwenye milango ya nyuma. Bosi katununulia jeki za Hi-Lift za inchi 48, zile ndefu za nguzo ya chuma yenye matundu, sasa kila dereva anafunga anavyojua mwenyewe. Mimi ya kwangu nimeilaza sakafuni nyuma ya siti ya mwisho, nimeikaza na mpira wa tyubu mizunguko kama mitano hivi, haichezi kabisa. Juzi mgeni akaniuliza hilo chuma likiruka itakuwaje, nikakosa jibu. Naomba uniambie sehemu salama ni wapi na nifungeje.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Huyo mgeni kauliza swali la maana sana, na nakuomba hili ulifanye kabla ya safari inayofuata.

Jeki ya inchi 48 ina uzito wa kilo kama 13. Gari ikiwa inakimbia kilomita 50 kwa saa halafu ikagonga kitu ikasimama ghafla, jeki yenyewe haijasimama, inaendelea mbele na hiyo hiyo 50. Kilo 13 kwa spidi hiyo ni sawasawa na kuiachia hiyo jeki kutoka juu mita 10, yani ghorofa ya tatu, na huku chini amekaa mgeni wako. Ukitaka kuizuia isitembee zaidi ya sentimita 10 unahitaji kitu kinachoweza kushika nguvu ya zaidi ya tani moja. Sasa mpira wa tyubu kazi yake ni kuvutika, ndo maana unaukaza vizuri ukiwa umesimama unaona haichezi, lakini kwenye ajali utavutika kwanza, jeki imeshafika kwenye siti ndo mpira unaanza kukaza, kama haujakatika. Na gari ikibiringika ndo mbaya zaidi maana hapo chuma kinazunguka humo ndani na watu.

Ila nikwambie ukweli, sehemu uliyochagua si mbaya. Kwa gari lako mimi ningeiacha hapo hapo. Paa lako linafunguka kwa hiyo keria ya maana huna, na ile milango ya nyuma usiiguse kabisa, tayari imebeba tairi mbili na ringi zake, kila moja ni zaidi ya kilo 30, halafu ukiipitisha kwenye ile vumbi ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lile geti la Serengeti, vile vituta vidogo vidogo vinavyofuatana mpaka meno yanagongana, bawaba za milango ndo zinazoumia. Ukiongeza kilo 13 nyingine pale utakuja kuokota mlango njiani. Kwa hiyo sakafuni, imelala chini kabisa, imekaa kwa upana wa gari, nyuma ya siti ya mwisho. Kilichokosewa ni mpira tu.

Kabla hujatoboa chochote, lala chini ya gari uangalie kwa tochi. Hizi gari tanki la dizeli linakaa maeneo ya huko huko nyuma, kuna paipu za breki na waya pia. Pima kutoka juu na kutoka chini, weka alama, ndo uchukue drili. Nimeona fundi anatoboa sakafu kwa haraka huku mwenzie anamshikia kapeti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinama kuangalia chini, hiyo kazi usiikubali kwenye gari lako.

Unataka brekti mbili za chuma zilizoachana angalau sentimita 80, moja ikiwa karibu na mguu wa jeki na nyingine karibu na ncha ya juu. Ukifunga katikati sehemu moja tu, zile ncha mbili zinapiga kila gari ikiruka na matundu yatapanuka. Tafuta sehemu ambayo kuna mtambuka wa chesisi au wa bodi chini ya sakafu, yani kile chuma kinachokatiza upana wa gari. Kama bolti inapita kwenye bati tupu basi chini yake weka pleti ya chuma ya ukubwa wa kiganja, unene milimita 4 au 5, manake washa ndogo, ile pete ya chuma ya chini ya nati, ikivutwa kwa nguvu inapasua bati na kutoka nayo.

Bolti ndo watu wengi wanapochemka. Nunua bolti ya milimita 12, kichwani imeandikwa 8.8. Usichukue ile isiyo na namba kwa sababu tu inaingia kwenye tundu. Ile 8 ya kwanza ina maana chuma chake kinavumilia hadi megapaskali 800 ndo kikatike, bolti laini ya 4.6 ni 400, nusu yake, na kwa macho zote zinang'aa sawa. Nati iwe ile yenye duara la nailoni ndani, haifunguki kirahisi kwa mtetemo. Hiyo nati ikishafunguliwa mara nyingi nailoni inalegea, ibadilishe, bei yake ndogo.

Ukishakaza, chukua rangi ya kucha, nyekundu inaonekana vizuri, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati unaendelea mpaka kwenye brekti. Kila asubuhi unapokagua oili na maji angalia na huo mstari. Ukiona umekatika, upande wa nati umesogea na wa brekti umebaki, basi nati imezunguka, kaza kabla hujapakia wageni. Ukaguzi wa sekunde tu huo.

Mpini nao usiuache unaning'inia. Ulaze kwenye nguzo ya jeki, uubane na klipu yake halafu uongeze kile kishikio cha raba, kinazuia kelele na pia mpini wenyewe usichomoke ukawa mkuki. Kile kileva cha kugeuzia jeki kiache upande wa kupanda, manake kikiwa upande wa kushuka na jeki haina mzigo, kile kichwa kinachotembea kinateleza tu chenyewe, na hapo kitakuwa kinapiga huku na huku njia nzima. Mwambie na bosi magari yote yafungwe namna moja, dereva akibadilishiwa gari usiku porini ajue jeki iko wapi na inafunguliwa na spana gani.

Swali: Msomaji, Maralal

Habari fundi. Niko na Defender 110 ya zamani, barabara zangu ni za Baragoi na Loiyangalani, mawe matupu. Hi-Lift nimekuwa nikiibeba ndani na sitaki tena. Mekanika wangu anasema tuifunge mbele kwa bulbar, ile fremu ya chuma ya kulinda pua ya gari, rafiki yangu anasema juu ya boneti ndio inakaa poa, ama niiweke kwa mlango wa nyuma pamoja na spea? Wewe ungefanya aje?

Jibu:

Ndugu yangu, boneti hapana. Najua inapendeza kwenye picha, lakini boneti ya Defender ni aluminiamu nyembamba, utaweka chuma cha kilo 13 kinachopigapiga kutwa nzima kwenye mawe ya Baragoi na nyufa zitaanza kwenye matundu ya bolti. Halafu inakuzibia macho. Ukiwa unapanda mwamba na pua ya gari iko juu tayari huoni mbele, sasa unaongeza nguzo ya jeki hapo hapo unapochungulia, hata mtoto akikatiza hutamwona.

Bulbar inawezekana, chuma chake kina nguvu na kimefungwa kwenye chesisi, ila angalia mambo matatu. Isipite mbele ya rejeta, kwa joto la huko kwenu kuelekea Ziwa Turkana injini inahitaji kila upepo inaoupata. Isizibe taa wala namba ya gari. Na jambo ambalo kwangu ndo kubwa: pale mbele ndo panapomgonga mtu au ng'ombe, na ncha ya jeki iliyochomoza pembeni inamkata mtu ambaye bampa peke yake lingemsukuma. Mimi kwa sababu hiyo siipendi mbele, na kama huna njia nyingine basi hakikisha hakuna ncha inayotokeza nje ya upana wa bulbar.

Mlango wa nyuma wa Defender unajulikana kwa kupasuka hata kwa uzito wa spea pekee, so usiongeze kitu. Ningekuwa mimi ningetengenezesha mkono wa kufunguka, ule unaofungwa kwenye bampa la nyuma la chuma na bampa lenyewe likashikwa na mtambuka wa chesisi, spea ikahamia huko pamoja na jeki. Hapo mlango unapumua, jeki iko usawa wa kiuno, unaichomoa bila kupanda popote. Ile ya kuweka juu kwenye keria inafaa kama keria ni imara na ukiilaza ubavuni, ila kumbuka uzito unapanda juu na gari lako tayari linayumba kwenye mteremko, na tena fikiria kuishusha peke yako umesimama kwenye tairi lenye tope, kilo 13 juu ya kichwa.

Popote brekti ya chuma inapogusana na bodi ya aluminiamu weka raba au plastiki katikati. Chuma na aluminiamu zikikutana na maji, aluminiamu inaliwa polepole inakuwa unga mweupe, na bolti yako itabaki imekaza kitu ambacho hakipo.

Swali: Msomaji, Dodoma

Mimi nina Prado, mabampa yote ya plastiki. Nataka kufunga Hi-Lift nyuma. Brekti gani inafaa?

Jibu:

Usiifunge kwanza. Hiyo jeki inataka chuma cha kushika, bampa la chuma lenye nafasi yake au ngazi ya pembeni iliyofungwa kwenye chesisi, na wewe huna. Ukiiweka chini ya plastiki itavunja plastiki na gari litateleza kwenye jeki. Kuna mkanda wenye ndoano unaoshika ringi na kunyanyua tairi lenyewe, unafanya kazi kama ringi zako zina matundu ya kutosha, ila kwa pesa hiyo mimi ningenunua jeki fupi nzuri ya haidroliki, ubao mgumu wa kuweka chini yake, na koleo.

Swali: Msomaji, Ifakara

Yangu iko nje kwenye bampa mwaka mzima. Wiki iliyopita nimekwama kwenye matope, nimeitoa, haipandi wala haishuki. Imeharibika?

Jibu:

Mara nyingi ni uchafu tu. Ndani ya kichwa cha jeki kuna pini mbili zinazoingia na kutoka kwenye matundu ya nguzo, kila moja na springi yake, moja inashikilia mzigo wakati nyingine inasogea tundu linalofuata. Tope likikauka mle pini haiingii mpaka mwisho, na pini iliyoingia nusu ndo hatari yenyewe, inaweza kuachia ukiwa na gari juu. Kwa hiyo usilazimishe kwa nyundo. Mwaga dizeli au mafuta ya taa, sugua na brashi ya waya mpaka uone pini zote mbili zinaruka na kurudi haraka, futa, kisha weka oili nyepesi. Grisi usiweke, inakusanya vumbi ikawa msasa. Pini ikiwa imeliwa au springi imechoka badilisha kabla hujainyanyulia kitu.

Baada ya hapo kishonee kichwa tu cha jeki mfuko wa turubai, mdomo wake uangalie chini ili maji yatoke. Nguzo inaweza kubaki wazi. Na kila ukiosha gari ifungue kwenye brekti, ipandishe na kuishusha bila mzigo nyumbani, usisubiri matope ya Kilombero ndo uijaribu. Siku ukiitumia tena weka ubao mpana chini, ule mguu wake ni mdogo na kwenye tope unazama wenyewe, watu wote washuke kwenye gari, na kichwa chako kisikae kwenye njia ya mpini manake ukikuponyoka unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya.