Mjomba, ngano hizi zinasagika?

SWALI

Shikamoo Mjomba. Nina miaka 17, naishi Glasgow na wazazi wangu, na mwakani namaliza shule. Nimeona kwamba Chuo Kikuu cha Edinburgh mtu anaweza kusoma ethnolojia ya Uskoti, yaani mila na masimulizi ya watu wake, pamoja na lugha na utamaduni wa Skandinavia, yote katika shahada moja. Tangu siku hiyo sina usingizi, na nyumbani hakuna amani. Baba anasema, "Hizo ngano unazotaka kusomea zinasagika? Zinapikwa chapati?" Mama anauliza kwa nini nichanganye vitu viwili visivyojuana. Nami sijui nichague lugha ipi: Kidenmark, Kinorwei au Kiswidi. Sijui hata neno moja la lugha hizo. Na je, nijifunze Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, pia?

Mpwa wako, Glasgow

JIBU

Marahaba mpwa wangu. Mwambie baba yako amenichekesha mpaka chai ikanipalia. Mimi nilisoma hayo hayo mawili, hapo hapo Edinburgh, na swali la chapati niliulizwa kwa maneno makali zaidi ya hayo. Nitalijibu, lakini nianze na la mama, maana ndilo lenye uzito.

Mama asikie kisa hiki. Mwaka 1774 mchungaji mmoja, George Low, alifika Foula, kisiwa kidogo magharibi mwa Shetland, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti. Akamkuta mzee aitwaye William Henry, anayejua kwa moyo utenzi mrefu wa Kinorn, lugha ya visiwa vile iliyokuwa ikielekea kufa. Low hakujua Kinorn. Akaandika alichosikia, silabi kwa silabi, beti 35, bila kuelewa anachoandika. Karatasi zile zikakaa. Ni mwaka 1900 ndipo msomi wa Norwei, Marius Hægstad, alipochapisha uchambuzi wake na watu wakaweza kuufuata utenzi wenyewe: habari za binti mfalme Hildina. Mmoja alikuwa na sikio bila lugha, mwingine alikuwa na lugha lakini yule mzee alikwisha kufa zamani. Kati yao imepita miaka 126. Wewe unataka kuwa na vyote viwili katika kichwa kimoja, na mama anauliza vinajuana wapi!

Vinajuana kwa sababu bahari iliyo kati ya Uskoti na Skandinavia ilikuwa njia. Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwei alimwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Kule enzi hizo mahari ilitoka upande wa binti, na fedha zilipokosekana mfalme akaweka rehani visiwa vya Orkney mwaka 1468, na Shetland mwaka uliofuata. Havikukombolewa hadi leo.

Unasema hujui hata neno moja. Hapo Glasgow mtoto akilia husikii akiambiwa aache "greetin"? Mnorwei anasema gråte. Jirani akihama, si ana "flittin"? Kinorwei ni flytte. Kanisa ni kirk, na kwao ni kirke. Ukija mashariki utasikia mtoto anaitwa bairn, na ukivuka bahari ni barn. Basi umeshaanza masomo bila kulipa ada.

Hata kazi ya kuhifadhi masimulizi ilivuka bahari hiyo hiyo. Taasisi ya School of Scottish Studies ilipoanzishwa Edinburgh mwaka 1951, mkusanyaji wake wa kwanza, Calum Maclean, alipelekwa Uppsala, Uswidi, kujifunza namna ya kupanga hifadhi ya mapokeo. Hadithi ya mke sili, yaani mnyama wa baharini anayevua ngozi na kuwa mwanamke, nayo ina namba yake katika orodha ya hadithi aliyoitoa Mnorwei Reidar Christiansen mwaka 1958: namba 4080. Mwanamume anaificha ngozi ya sili, anamwoa mwenye ngozi, wanazaa, siku moja mama anaipata ngozi yake na kurudi baharini. Wanaisimulia Orkney, wanaisimulia Shetland, na Visiwa vya Faroe wamemsimamishia sanamu kijijini Mikladalur. Nilipoiona ile namba mara ya kwanza niliudhika, kana kwamba mtu amempa bibi yangu namba ya gari. Nilikuja kuishukuru nilipoanza kuitafuta hadithi moja katika nchi tano.

Ila usije na kiu ya Waviking tu, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia. Utapelekwa Lerwick, mji wa Shetland, au utaonyeshwa picha za sherehe yao ya Up Helly Aa, Jumanne ya mwisho ya Januari, mienge na jahazi linalochomwa moto, na utadhani ni jambo la miaka elfu. Jahazi la kwanza lilichomwa mwaka 1889. Mwanaethnolojia hasemi "kumbe ni uongo" akaondoka. Anauliza watu wa mji ule walikuwa wanatafuta nini walipoibuni sherehe hiyo. Kama swali hilo halikusisimui, soma historia tu.

Kuhusu lugha. Zote tatu huanzishwa kutoka sifuri, hivyo usiogope. Mimi nilichukua Kiswidi kwa sababu ya kijinga: foleni yake ya kujiandikisha ilikuwa fupi. Wewe chukua Kinorwei. Ukiandika Kinorwei, Kidenmark cha kitabuni unakisoma, na Kiswidi cha mdomoni unakisikia. Tena Kinorn chanzo chake ni huko. Kinorwei kina toni, lakini ni mbili tu: bønner ni maharagwe, bønder ni wakulima, na kinachowatenganisha ni wimbo wa sauti. Kidenmark kinameza nusu ya neno, na tisini yao, halvfems, asili yake ni nne na nusu mara ishirini. Anayekipenda namheshimu.

Shahada ni ya miaka minne, na wa tatu utaishi ng'ambo, katika nchi ya lugha yako. Ukiwa na pasi ya Uingereza, huwezi tena kukaa huko zaidi ya siku 90 bila kibali, kwa hiyo karatasi za ukaazi zianze mapema.

Sasa jambo ambalo hakuna atakayekuandikia kwenye kijitabu cha chuo. Kazi hii ni kusikiliza, na kusikiliza kunachosha. Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa na mvuvi mstaafu, jikoni kwake, kisiwani Unst, Shetland. Nilijiona fundi. Niliporudi na kucheza kanda, nikasikia birika likichemka, nikasikia "naam, naam, ehee" yangu kila sekunde, na pale mzee alipoanza habari za dhoruba iliyomchukua ndugu yake, nikasikia sauti yangu ikimkatiza kuuliza mwaka. Hakuirudia tena. Mwalimu wangu alisikiliza dakika kumi, akasema, "Wewe nimekusikia vizuri." Kwa hiyo kabla ya fomu ya UCAS, ile ya kuomba chuo, ingia tovuti ya Tobar an Dualchais, hifadhi ya sauti za masimulizi ya Uskoti, ni bure, usikilize kanda za miaka ya 1950 jioni tatu mfululizo. Kama jioni ya tatu unatafuta simu yako, umeshapata jibu.

Baba. Ukitimiza masharti ya ukaazi Uskoti, ada ya pauni 1,820 kwa mwaka inalipwa na SAAS, idara ya serikali ya Uskoti inayogharimia wanafunzi, lakini ni lazima uombe upya kila mwaka. Hilo litamlainisha. Kuhusu kazi sitamdanganya: hakuna ofisi yenye kibao "Tunaajiri wanaethnolojia". Wenzangu wako makumbusho, hifadhi za nyaraka, redio, tafsiri. Mimi nilitafsiri miongozo ya mashine za kukatia mbao kwa miaka sita, na Kiswidi ndicho kilichonilisha, wala si sili. Ngano hazikusagika, lakini unga ulipatikana.

Kigaeli: ndiyo, kama una shauku ya visiwa vya magharibi, Lewis na Uist. Mwaka wa kwanza utapewa nafasi ya somo la tatu. Kiweke hapo, ukipime muhula mmoja. Ila kama umeshachagua Shetland moyoni, nafasi hiyo ipe akiolojia.