Jibu: Shangazi yuko nyumba ya wazee ya binafsi Uingereza, je, ana haki?

Pole sana dada. Umesema halmashauri inalipa sehemu ya gharama, mnazuiwa kumwona shangazi, na meneja anadai Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 inaihusu serikali tu. Si kweli. Shangazi analindwa.

Zamani dai hilo lilikuwa na mashiko. Mwaka 2007, katika kesi ya YL dhidi ya halmashauri ya Birmingham, majaji watatu kati ya watano waliamua kuwa nyumba binafsi haifanyi kazi ya umma hata pale halmashauri inapolipa. Bunge likaziba pengo hilo mwaka uliofuata. Leo kinachotumika ni kifungu cha 73 cha Sheria ya Matunzo ya 2014: halmashauri ikipanga huduma au ikilipa, hata kwa sehemu, mtoa huduma aliyesajiliwa anabanwa na Sheria ya Haki za Binadamu sawa na chombo cha umma. Anayejitafutia nyumba na kujilipia kila kitu ndiye kifungu hiki kinamwacha nje, na kwangu huo ni uonevu.

Kwa hiyo kumtenga na ndugu kunagusa Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ambao sheria hiyo inautekeleza: haki ya maisha ya faragha na familia. Wakimfungia chumbani, hapo ni Ibara ya 5, haki ya uhuru wa mtu. Tena England, tangu Aprili 2024, kanuni zinazitaka nyumba za wazee ziruhusu wageni isipokuwa kuna sababu za kipekee.

Lalamika kwa maandishi kwa nyumba yenyewe, nakala kwa halmashauri. Wasipokuridhisha, peleka kwa Ombudsman wa huduma za jamii, yaani mchunguzi huru wa malalamiko. Usichelewe: kufungua kesi, muda wa kawaida ni mwaka mmoja tangu tukio.