Kontroboksi Haijafa, Haisikiki Tu

Fundi wetu wa umeme wa magari, eneo la Gerezani, Dar es Salaam, anajibu barua za wasomaji

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kihonda, Morogoro. Nina Toyota Wish ya 2010. Tangu masika yaanze, nikipita kwenye matuta taa za ABS, cheki injini na usukani zinawaka kwa mkupuo, mshale wa mizunguko ya injini unalala kwenye sifuri, usukani unakuwa mzito kama wa lori. Injini haizimi. Nikisogea mbele kidogo mambo yanarudi kama kawaida. Fundi wa hapa alichomeka mashine akakuta U0100 kwenye kompyuta ya breki, ya usukani na kwenye mita ya dashibodi. Akaniambia kontroboksi ya injini imekufa, nitafute laki sita na nusu ninunue ya mtumba. Nimesita. Ninunue?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Usinunue.

Umeandika maneno mawili, pengine bila kuyatilia uzito: “Injini haizimi.” Mimi niliposoma hapo nikaweka kikombe chini. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayofungua nozeli na kuamrisha moto wa plagi. Ingekuwa inakufa kwenye tuta, gari lingezima hapo hapo na ungeshuka kusukuma. Mshale unalala huku injini inanguruma. Maana yake kontroboksi inafanya kazi yake, ila mita haipati habari zake.

Na ndivyo U0100 inavyosema. Kodi hii (si ile ya mapato) haimaanishi kontroboksi mbovu. Inamaanisha kompyuta iliyoiandika haisikii kompyuta ya injini. Sasa tazama walioiandika: breki, usukani, mita. Wanafunzi watatu wakikujia mbio, “Mwalimu, Juma haitiki,” huanzi kuchanga rambirambi. Unakwenda kuangalia kama Juma yupo, ameamka, au kafungiwa mlango. Mashine imemletea fundi wako majina ya walalamikaji, yeye akaandika cheti cha kifo.

Nieleze kidogo njia yenyewe. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilionyesha mjini Detroit mfumo unaoitwa CAN: badala ya kila habari kuwa na waya wake, kompyuta zote zinazungumza kwenye nyaya mbili. Zikiwa kimya, kila waya una volti 2.5. Mmoja akisema, waya wa CAN H unapanda hadi karibu 3.5 na wa CAN L unashuka hadi karibu 1.5, na wasikilizaji wanasoma tofauti kati ya hizo mbili. Ndiyo maana zimesokotwa kama kamba: kelele za umeme zikiingia zinaingia kote sawasawa, tofauti haiguswi. Kila mwisho wa njia kuna rezista (kizuia umeme) ya omu 120, ili ishara zisifike mwisho zikarudi kama mwangwi. Kwenye Toyota nyingi za rika la gari lako, rezista moja imo ndani ya kontroboksi ya injini na nyingine ndani ya mita. Hilo ndilo litakalokuokolea laki sita.

Mpelekee fundi wako ukurasa huu, kwa heshima, asione umekuja kumsuta. Aanze na betri, kwa sababu betri dhaifu wakati wa starta inaangusha kompyuta na kuzifanya ziandike kodi zinazoanza na U hata nyaya zikiwa nzima. Ikiwa imetulia isome volti 12.4 kwenda juu. Kwako sidhani kama ni betri, betri haichagui matuta, lakini ni kazi ya dakika mbili.

Kisha atoe terminali hasi ya betri, asubiri dakika kadhaa kompyuta zilale, aweke multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu. Tundu la kupimia liko chini ya usukani, lina pini 16. Ukilitazama upande mpana ukiwa juu, pini ya 6 ni ya tatu kutoka kulia safu ya juu, na ya 14 iko chini yake moja kwa moja. Apime kati ya hizo mbili. Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba zinatoa 60. Akiona 60 au karibu yake, njia imekamilika kwa muda huo. Akiona 120, mwisho mmoja umepotea. Karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana.

Ila ugonjwa wako unakuja na kuondoka, kwa hiyo akipima gari limesimama kimya huenda akapata 60 safi akajiona amekwama. Asikate tamaa. Mtu mmoja ashike multimita, mwingine apapase na kutikisa mafungu ya nyaya, konekta kwa konekta, akianzia ile ya kontroboksi yenyewe. Mahali ambapo 60 inaruka kuwa 120, pana mgonjwa. Konekta za njano asiziguse wala kuzipima. Hizo ni za eabegi.

Mimi ningeinua kapeti ya upande wa abiria mapema. Nina sababu, na inaniaibisha. Miaka ya nyuma niliwahi kumnunulisha mteja kontroboksi ya Toyota Harrier kwa dalili kama zako. Tulifunga, taa zikazima, tukapeana mikono. Wiki ya pili akarudi. Nilipofunua kapeti, sponji chini yake ilikuwa imelowa kama ya kuoshea vyombo. Mrija wa kutolea maji ya AC ulikuwa umeziba, maji yakawa yanashuka ndani badala ya kudondoka barabarani. Ndani ya konekta, pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Tulipobadilisha kontroboksi tulitikisa nyaya, kutu ikagusana kidogo, nasi tukadhani tumetibu. Nilimrudishia fedha zake kwa mafungu matatu.

Wish yako imeanza masika yalipoanza. Bonyeza kapeti kwa kiganja, unuse na mkono. Ukikuta maji, tafuteni yanakoingilia kabla ya kuunga chochote. Pini yenye kutu ibadilishwe. Kupuliza dawa pekee ni kuahirisha. Na waya ukiwa umekatika au umetafunwa na panya, uungwe kwa lehemu, kila kiungo mahali pake ili viwili visikae bega kwa bega, kisha nyaya zisokotwe tena kama zilivyokuwa. Nimeona gari lililoungwa kwa waya wa spika na selotepu. Lilikuwa linakwenda, siku za kiangazi.

SWALI: Fundi, mimi ni kijana ninayejifunza umeme wa magari Mombasa. Bosi wangu anapima nyaya za CAN kwa taa ya balbu. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, mdogo wangu, ila usimwambie mbele ya wateja. Balbu inakunywa umeme mwingi kuliko njia hiyo inavyoweza kutoa, kwa hiyo ukiigusisha unaangusha mazungumzo yote na kuongeza kodi ambazo hazikuwepo. Chukua multimita ya dijitali, swichi iwe ON. CAN H dhidi ya bodi isome kama 2.6 au 2.7, CAN L kama 2.3 au 2.4, ukijumlisha zinakaribia 5. Ukikuta namba za ajabu, chomoa kompyuta moja moja huku jicho liko kwenye multimita. Ile ambayo ikitoka namba zinakaa sawa, shughulika na hiyo.

SWALI: Nilifunga traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) na sasa gari likikaa siku tatu haliwaki. Nimeshabadilisha betri mara mbili. Dodoma.

JIBU: Ukifunga milango, kompyuta zinapaswa kuacha kuzungumza na kulala baada ya muda. Traka iliyounganishwa vibaya kwenye nyaya za CAN inaweza kuziamsha usiku kucha. Acha gari lilale, kisha pima umeme unaotoka kwenye betri: magari mengi yakilala hayavuki miliampea 50. Chomoa fyuzi ya traka, upime tena, halafu uniandikie namba zote mbili.