Jibu: Sebule kubwa haikaliwi, nibomoe ukuta?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, sebule yako ni mita 5 kwa 6 lakini familia yote inabanana jikoni, sasa unawaza kubomoa ukuta. Usibomoe kwanza. Mimi ilinikuta hiyohiyo, nikachukua chaki nikawa naweka alama sakafuni kila mtu anapokaa au kusimama, wiki nzima, aisee sebule ilibaki safi kabisa, alama zote zimejazana jikoni na pale koridoni mtoto anapofanyia homuweki. Yaani mchoraji alituchorea nyumba ya wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, wenye nyumba tukapewa mabaki.

Nilichofanya, nikahamishia meza kubwa sebuleni karibu na mlango wa jikoni, basi, watu wakaifuata wenyewe. Ila nyuma ya viti acha kama sentimita 90 mtu apite bila kumwinua aliyekaa, mimi niliacha 60 nikajuta.

Huo ukuta wako sijauona, huenda umebeba slabu (zege la ghorofa ya juu) au paa, kwa hiyo muite anayejua kusoma ramani ya nyumba kabla hujashika nyundo. Na cheki mlango unafungukia wapi, wa kwangu ulikuwa unagonga friji kila siku.