Re: Mzee kastaafu, nimpelekee mbwa?

Mkuu, umesema mzee wako kastaafu ualimu, yuko Mikindani peke yake tangu mama afariki, na unataka kumpelekea mbwa wa kumchangamsha. Nia njema, ila muulize kwanza. Mitaa ile wengi ni Waislamu, na kama mzee anaswali, mate ya mbwa kwenye kanzu yatampa kazi ya kujitwaharisha kila saa. Paka hana shida hiyo, na dagaa wa kumlisha hawakosekani pwani.

Mimi ningeanza na kuku wa kienyeji. Kinachomtesa mwalimu mstaafu ni asubuhi isiyo na kengele. Kuku watamwamsha, atafungua banda, atamwaga pumba, ataokota mayai, na jirani atapita kuuliza bei ya jogoo. Hayo mazungumzo ndiyo dawa, kuliko hata kuku wenyewe. Ila awachanje kideri (ule ugonjwa unaoua kuku kwa mkupuo), tone la jicho kila baada ya miezi 3, la sivyo banda zima litateketea na huzuni irudi maradufu.

Aking'ang'ania mbwa, sawa, atamtembeza hadi ufukweni na magoti yatalainika. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hapo hakuna mjadala. Achukue aliyekwisha kukua, mtulivu. Kitoto cha mbwa kikirukaruka miguuni humwangusha mzee, halafu mbwa huishi miaka 10 na zaidi, kwa hiyo kitoto ni mzigo wa muda mrefu kwa mzee.

Na akija kukutembelea Dar, nani atawalisha? Malizaneni na jirani kabla hujanunua chochote.