Nimejaza maeneo yote 20 ninayohudumia, mbona Masaki sionekani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi wa AC na friji, karakana yangu ipo Segerea, Dar es Salaam. Nina vijana wawili na kirikuu kimoja, na kazi nyingi tunamfuata mteja kwake. Nilisajili biashara Google, nikaficha anwani, nikajaza maeneo yote 20 yanayoruhusiwa: Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach, Tegeta, Kigamboni, Kibaha, Bagamoyo, mpaka Morogoro. Nikitafuta “fundi AC” nikiwa karakana natokea wa kwanza. Mteja wangu wa Masaki akitafuta hanioni kabisa, na huko ndiko kwenye nyumba za AC nne, tano. Kuna kijana anataka laki nne anifungulie wasifu wa biashara wa Google mmoja mmoja kila eneo kwa anwani za ndugu zangu. Mwingine ananishauri nikodi ofisi ya jina tu Masaki. Nifuate ushauri gani?

JIBU: Usifuate wa yeyote kati yao, fundi. Nitakueleza sababu, lakini kwanza tuongelee hiyo orodha ya maeneo 20, maana karibu kila mwenye biashara ya kumfuata mteja anayenijia ameielewa kama ulivyoielewa wewe.

Orodha ile haiiambii Google ikupandishe Masaki. Inamweleza mteja ambaye tayari ameuona wasifu wako kwamba akikupigia kutoka Masaki utakwenda. Ni kama maandishi ya ubavuni mwa kirikuu chako: ukiandika “Tunafika Dar nzima”, anayeyasoma ni yule ambaye gari limepita mbele yake. Asiyeliona gari hasomi chochote.

Google inasema wazi kwamba matokeo ya ramani inayapanga kwa mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake na anayetafuta au na mahali alipopataja, na jinsi inavyofahamika. Umbali lazima uanzie mahali. Ulipoficha anwani uliwaficha wateja, hukuificha Google. Ndiyo anwani uliyothibitishia wasifu wako. Kwa biashara zote za namna yako nilizozishughulikia, duara la kuonekana, yaani eneo ambalo anayetafuta akiwa ndani yake anakuona kwenye ramani, limekuwa likianzia kwenye anwani hiyo iliyofichwa, na halijasogea hata hatua moja kwa sababu ya orodha ya maeneo. Duara lako kitovu chake ni Segerea.

Nafasi nazo ni chache. Tangu Agosti 2015 Google huonyesha biashara tatu tu pamoja na ramani kwenye ukurasa wa kwanza. Kabla ya hapo zilikuwa saba. Kisha mwishoni mwa 2021 ikabadilisha upangaji wa matokeo haya, mabadiliko ambayo sisi wa kazi hii ya kusaidia biashara zionekane Google tuliyapa jina la Vicinity, na baada yake uzito wa umbali uliongezeka kwa namna iliyoonekana bila kupima. Kwa hiyo mtu aliyekaa Masaki akiandika “fundi AC”, nafasi zile tatu zinajaa kwa waliopo Masaki, Msasani na Mikocheni kabla wewe hujafikiriwa. Inawezekana kabisa ukaonekana Chanika au Kisarawe na usionekane Masaki, kwa sababu mafundi wa AC waliojisajili wakiwa wachache duara hutanuka, na wakiwa wengi hubana.

Na huko kutokea wa kwanza ukiwa karakana kusikufariji sana. Ulikuwa umesimama kwenye kitovu cha duara lako mwenyewe. Hata ukifungua dirisha la siri la kivinjari, Google bado inakisia ulipo. Fanya hivi: waombe wateja watatu unaoelewana nao, mmoja Masaki, mmoja Mbezi Beach, mmoja Kigamboni, watafute wakiwa nyumbani kwao na wakutumie picha ya skrini kwa WhatsApp. Watafute mara tatu: “fundi AC” peke yake, “fundi AC” na jina la mtaa wao, na “AC repair”, maana wakazi wengi wa Masaki, hasa wageni, hutafuta kwa Kiingereza. Zihifadhi picha hizo pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu utazirudia na utajua kama kuna kilichosogea.

Sasa hao washauri wako wawili.

Masharti ya Google ni kwamba biashara inayomfuata mteja ina wasifu mmoja, wa pale inapotokea kweli. Wasifu wa pili ni halali ikiwa kuna kituo cha pili cha kweli chenye wafanyakazi wake. Sanduku la posta halikubaliki. Ofisi ya jina tu haikubaliki isipokuwa watu wako mwenyewe wawepo pale kwa saa ulizotangaza. Na siku hizi uthibitisho mara nyingi unadaiwa kwa video: uonyeshe mtaa, bango au gari lenye jina, vifaa vya kazi, na kitu kinachothibitisha kwamba wewe ndiye msimamizi, kama kufungua mlango kwa ufunguo au kuonyesha leseni ya biashara. Shangazi yako wa Mbezi Beach atafungua mlango wa karakana gani?

Nililetewa kazi na mtu wa kupulizia dawa za wadudu ambaye alishafunguliwa wasifu sita kwa njia hiyo hiyo. Miezi michache zilimletea simu, hilo silikatai. Kisha zikafungwa zote kwa mpigo, pamoja na ule mmoja wa kweli uliokuwa na maoni ya wateja ya miaka minne. Kuurudisha ule mmoja kulituchukua wiki kadhaa za kutuma nyaraka, na wiki hizo zote simu yake ilikuwa kimya, ana vijana wa kuwalipa. Niliumia naye. Ndiyo maana nakusihi, laki nne hizo usizitoe.

Njia iliyobaki ni ndefu kidogo, na sehemu yake kubwa haiko kwenye ramani.

Chini ya zile biashara tatu kuna matokeo ya kawaida, kurasa za tovuti. Hayo hayafungwi na anwani yako kwa ukali ule. Mtu wa Masaki anaweza kuuona ukurasa wako hata kama karakana ipo Segerea, mradi ukurasa uwe unajibu alichokiuliza. Kama ulikuwa na ile tovuti ya bure iliyotengenezwa na Google kutoka kwenye wasifu wako, hiyo Google iliifunga Machi 2024, kwa hiyo unahitaji tovuti yako mwenyewe, hata ya kurasa sita. Ukurasa wa Instagram ni mzuri kwa picha, ila kwa kazi hii hauwezi kuibeba nafasi ya tovuti.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaandika ukurasa mmoja, wanaunakili mara ishirini, wanabadilisha jina la mtaa tu: fundi AC Masaki, fundi AC Tegeta, fundi AC Kibaha. Google inazihesabu kurasa za hivyo kuwa za ulaghai, na msomaji naye hapati kitu. Wewe una kitu cha kweli cha kuandika ambacho mwandishi wa kukodi hana. Nyumba za Masaki na Kigamboni zinapigwa na upepo wa bahari. Unajua jinsi chumvi inavyozila zile bati nyembamba za mashine ya nje, na kwamba AC ya huko ikikaa bila kuoshwa inachakaa haraka kuliko ya Segerea, ambako adui ni vumbi. Andika hilo. Weka picha ya mashine uliyoikuta imeliwa na kutu, kabla na baada, useme ulifanya nini, ilichukua saa ngapi na gharama ilianzia kiasi gani. Eleza mnafikaje huko kutoka Segerea na mteja akipiga asubuhi mtakuwa kwake saa ngapi. Kurasa tatu au nne za namna hiyo, kwa maeneo ambako umefanya kazi kweli, zinazidi ishirini za kunakili.

Kisha andika kuhusu matatizo yenyewe, maana mtu hutafuta ugonjwa kabla hajamtafuta daktari. AC inadondosha maji ndani. AC inawaka lakini haitoi baridi. Gesi imeisha baada ya miezi mitatu tu ya kujazwa, kwa nini? (Wewe unajua jibu: kuna mahali inavuja, na aliyeijaza hakutafuta tundu.) Kwa Kiswahili kurasa nzuri za mambo haya ni chache mno, na huo ni uwanja uliokaa wazi. Tumia maneno ya wateja: andika AC, kisha “kiyoyozi” mara moja mbili. Zile za Masaki ziwe na toleo la Kiingereza pia.

Maoni ya wateja ndiyo yanayokujengea kufahamika. Watu wetu wakiridhika wanasema asante kwa WhatsApp na mambo yanaishia hapo. Mtumie mteja kiungo cha maoni siku ile ile, AC ikiwa bado inapuliza baridi mpya. Usimpunguzie bei ili aandike, usimwandikie la kusema, na usiwachague walioridhika tu ukawaacha wenye lawama. Yote hayo yamekatazwa. Mteja wa Oysterbay akiandika mwenyewe kwamba mlimfuata Oysterbay mkamwoshea AC nne, Google wakati mwingine huinukuu sentensi hiyo hiyo chini ya jina lako kwenye matokeo. Jibu kila oni kwa maneno yako, hasa la lawama.

Upande wa wasifu wenyewe, hakikisha aina kuu ya biashara uliyochagua ni ya kutengeneza AC, na friji iwe ya ziada. Nimekuta mafundi waliojiandikisha kama duka la vifaa vya umeme na hawajui kwa nini hawapigiwi. Jina libaki lile lililo kwenye bango na leseni. Kuongeza “fundi bora AC Masaki Mikocheni” kwenye jina ni kosa, na mshindani wako anaweza kuliripoti. Na swali moja: kuna watu wanakuletea friji hapo karakana? Kama wapo, una bango na saa za kufungua zinazojulikana, basi hukuwa na haja ya kuficha anwani. Masharti yanaruhusu kuonyesha karakana na wakati huo huo kutaja maeneo unayoyafuata. Hilo halitakupeleka Masaki, lakini mtu wa Kinyerezi au Ukonga atapata njia ya kukufikia moja kwa moja.

Morogoro iondoe. Mwongozo wa Google ni kwamba mpaka wa eneo lako usizidi kama saa mbili za kuendesha gari kutoka unapotokea, na Morogoro ni karibu kilomita 190. Treni ya SGR inafika chini ya saa mbili, ni kweli, ila hutapanda nayo na ngazi na mtungi wa gesi. Bagamoyo ibaki kama kweli unakwenda.

Ukitaka Masaki kwenye ramani yenyewe, njia halali ni moja: uwe karibu na Masaki. Sikwambii ukodi Masaki, kodi ya kule unaijua. Fremu ndogo Namanga ya Msasani au Mwananyamala, kijana wako mmoja akae pale na vifaa kwa saa mlizotangaza, bango juu, namba yake ya simu. Hicho ni kituo cha pili cha kweli, na wasifu wake utakubalika. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, pima kwanza kwa tangazo la kulipia la Google, ulielekeze Masaki, Oysterbay na Mikocheni peke yake, kwa bajeti ndogo ya kila siku kwa mwezi mmoja. Hesabu simu, na katika hizo hesabu kazi mlizofanya. Kama mwezi ule umeleta kazi za kulipia kodi, tafuta fremu. Kama simu zimekuja ila mmefika saa sita mchana kwa sababu ya foleni na mteja ameshamwita mwingine, fremu ndiyo dawa yenyewe. Kama simu hazikuja kabisa, umeokoa kodi ya miezi sita.

Ukianza leo, anza na picha za skrini za wale wateja watatu, na usibadilishe kila kitu siku moja, hasa anwani, kwani kuigusa anwani kunaweza kukurudisha kwenye uthibitisho na wasifu ukatoweka kwa siku kadhaa. Rekebisha aina ya biashara na orodha ya maeneo wiki hii, ukurasa wa kwanza wa Masaki wiki ijayo. Yule kijana wa laki nne kama anajua kutengeneza tovuti, mpe kazi hiyo. Picha na maelezo umpe wewe.